Faili la Excel Limefungwa na Nywila Imesahaulika: Mwongozo Kamili wa Kulifungua Tena

Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa anapohamia mkoa mwingine, au mhasibu wa shule anapostaafu, mara nyingi kinachobaki ofisini ni faili la Excel ambalo hakuna anayekumbuka nywila yake. Wengi hapo hukimbilia kutafuta programu ya kuvunja nywila, hulipa fedha, na pengine huambulia virusi, ilhali faili lenyewe lingefunguka kwa dakika chache bila kununua chochote. Excel ina kufuli za aina kadhaa ambazo zote huombwa kwa jina la nywila, lakini ni moja tu inayoficha data kwa kweli. Nyingine ziliwekwa ili mtumiaji asije akafuta fomula kwa bahati mbaya, na zinaondoka kwa urahisi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutambua uko mbele ya kufuli ipi.

Maelezo yafuatayo yanahusu Excel ya kwenye Windows kuanzia toleo la 2007, na mafaili yenye viendelezi vya .xlsx na .xlsm. Mafaili ya zamani ya .xls yana sehemu yake fupi huko mbele.

Haki ya kulifungua

Yote yanayoelezwa hapa ni kwa ajili ya faili lako mwenyewe, au faili la taasisi iliyokupa idhini. Nchini Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na nchini Kenya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, zote zinamtia hatiani anayeingia kwenye data ya mwingine bila ruhusa. Kama faili ni la mwajiri, omba idhini kwa maandishi, hata iwe barua ya mistari mitatu yenye jina la faili, jina la anayelifungua na sahihi ya mkuu wa idara. Baadaye likitokea swali la nani aliona mishahara ya nani, barua hiyo ndiyo itakayokutetea.

Nakili kwanza

Nakili faili kwenye flashi au folda nyingine, ulipe jina linaloeleweka kama mahesabu-jaribio.xlsx, na ufanye kazi kwenye nakala hiyo peke yake. Faili la asili lisiguswe hadi mwisho. Katika njia zinazofuata utahariri matumbo ya faili, na kosa la herufi moja linatosha kuifanya Excel ilikatae.

Tambua aina ya kufuli

Fungua nakala kwa kubofya mara mbili na uangalie kwa makini kinachotokea.

Kama kabla ya kuona hata seli moja unaonyeshwa kisanduku kinachosema faili limelindwa na kukutaka uandike nywila, bila njia nyingine ya kupita, basi faili limesimbwa, yaani data yake yote imegeuzwa kuwa alama zisizosomeka bila nywila. Hii ndiyo kufuli nzito. Kama kisanduku cha nywila kina kitufe kilichoandikwa Read Only, faili limewekewa nywila ya kuzuia mabadiliko tu, na yaliyomo unaweza kuyasoma. Kama faili linafunguka vizuri lakini ukijaribu kuandika Excel inakuambia kwamba seli hiyo iko kwenye karatasi iliyolindwa, kufuli iko kwenye karatasi. Na kama unaweza kuandika, lakini ukibofya kulia jina la karatasi pale chini unakuta maneno Insert, Delete, Rename na Unhide yamefifia, kilichofungwa ni muundo wa faili. Faili moja linaweza kuwa na kufuli mbili au tatu kwa pamoja.

Kuna hali mbili ambazo hazina nywila kabisa na huwatisha watu bure. Utepe wa njano wenye maneno Protected View hutokea faili linapotoka kwenye barua pepe au intaneti, na huondoka kwa kubofya Enable Editing, hatua ambayo inafaa tu kwa faili unalojua limetoka kwa nani. Utepe wenye maneno Marked as Final huondoka kwa kubofya Edit Anyway.

Ili kuthibitisha, pakua 7-Zip, ambayo ni programu ya bure, uisakinishe, kisha bofya kulia faili lako na uchague 7-Zip halafu Open archive. Faili la .xlsx ambalo halijasimbwa ni furushi la kawaida la zip: utaona folda za _rels, docProps na xl pamoja na faili liitwalo [Content_Types].xml. Faili lililosimbwa halina folda hizo. Badala yake utaona, miongoni mwa vingine, vitu viwili vyenye majina EncryptionInfo na EncryptedPackage. Ukiona folda ya xl, umebakiwa na kazi ndogo. Ukiona EncryptedPackage, soma sehemu inayofuata kwa ajili ya kujua tu, kisha uende moja kwa moja kwenye sehemu ya faili lililosimbwa.

Karatasi iliyolindwa

Njia ya kwanza haihitaji kuhariri chochote. Katika karatasi nyingi zilizolindwa, aliyeweka ulinzi aliacha ruhusa ya kuchagua seli, kwa sababu ruhusa hiyo huwa imewekwa tayari. Bofya pembe ya juu kushoto ambapo vichwa vya safu na mistari hukutana, nakili kwa Ctrl na C, fungua faili jipya na ubandike. Data inakuja, na fomula zinakuja pia isipokuwa zile zilizofichwa na mwenye faili. Usitumie amri ya Move or Copy kwenye jina la karatasi, kwani hiyo hubeba karatasi pamoja na ulinzi wake.

Kunakili kuna kasoro: marejeo kati ya karatasi moja na nyingine yanaweza kuelekea kwenye faili la zamani. Kama faili lina karatasi nyingi zinazotegemeana, ni bora kuiondoa kufuli yenyewe.

Funga Excel. Fungua nakala yako kwa 7-Zip kama ilivyoelezwa, ingia folda ya xl, kisha worksheets. Humo utakuta sheet1.xml, sheet2.xml na kuendelea. Namba hizo hazifuati lazima mpangilio wa karatasi unaouona kwenye Excel, hasa pale karatasi zilipofutwa au kuhamishwa, kwa hiyo itabidi uangalie kila moja. Chagua faili la kwanza na ubonyeze F4. Litafunguka kwenye Notepad likiwa mstari mmoja mrefu usiovutia macho. Bonyeza Ctrl na F, utafute neno sheetProtection. Katika faili lililolindwa na Excel ya 2013 au ya baadaye utakuta kitu cha namna hii:

<sheetProtection algorithmName="SHA-512" hashValue="..." saltValue="..." spinCount="100000" sheet="1" objects="1" scenarios="1"/>

Katika faili lililolindwa na Excel ya 2007 au 2010 kipande hicho ni kifupi zaidi:

<sheetProtection password="CC1A" sheet="1" objects="1" scenarios="1"/>

Futa kipande chote kuanzia alama ya < iliyo kabla ya neno sheetProtection hadi alama za /> zinazokifunga, ukiziondoa nazo. Usiguse herufi yoyote kabla au baada yake. Hifadhi, funga Notepad, na 7-Zip itakuuliza kama unataka kusasisha furushi, kubali. Rudia kwa kila karatasi iliyo na neno hilo, kisha fungua faili kwa Excel. Karatasi itakuwa huru.

Mafundisho mengi mtandaoni yanakuelekeza ubadilishe kiendelezi kuwa .zip, ufungue furushi lote kwenye folda, uhariri, kisha ufungashe upya. Njia hiyo inafanya kazi, lakini ndiyo chanzo kikubwa cha ujumbe wa Excel kwamba faili limeharibika, kwa sababu watu hufungasha folda ya nje badala ya vilivyomo ndani yake, na [Content_Types].xml ikajikuta imeshuka ngazi moja chini ya pale Excel inapoitafuta. Kuhariri ndani ya 7-Zip kunakuepusha na usumbufu huo.

Huenda umewahi kuona makro (programu fupi inayoendeshwa ndani ya Excel) iliyozunguka kwa miaka mingi, ile inayojaribu mfululizo wa herufi A na B na kuishia na alama moja ya mwisho. Makro hiyo ilikuwa inafaulu kwa sababu Excel za zamani zilihifadhi nywila ya karatasi kwa muhtasari mfupi mno, yaani namba inayokokotolewa kutokana na nywila, kiasi kwamba majaribio yasiyozidi 194,560 yalitosha kupata neno lolote lenye muhtasari sawa. Ndiyo maana ilikuwa inakuletea nywila ya ajabu kama AAABABBAABA/ isiyofanana hata kidogo na ile halisi, na bado kufuli ikafunguka. Kwa faili lililolindwa na Excel ya 2013 na kuendelea makro hiyo haina msaada: itazunguka muda mrefu na kurudi mikono mitupu. Kufuta kipande cha XML, kwa upande wake, hakujali ni muhtasari wa aina gani ulitumika.

Kwa asiye na kompyuta, faili hilo linaweza kupakiwa kwenye Google Drive kwa simu na kugeuzwa kuwa jedwali la Google Sheets. Huko ulinzi hutegemea akaunti badala ya nywila, na aliyepakia ndiye mwenye mali. Makro hazitafanya kazi na baadhi ya mapambo yatapotea, lakini namba utazipata.

Muundo uliofungwa na nywila ya mabadiliko

Kufuli ya muundo iko kwenye faili la xl/workbook.xml. Lifungue kwa F4, utafute workbookProtection, na ufute kipande hicho kwa namna ileile. Ukifungua Excel utaweza kufichua karatasi zilizofichwa kwa kubofya kulia na kuchagua Unhide.

Kwa nywila ya mabadiliko hakuna haja hata ya kuingia ndani. Bofya Read Only, kisha nenda File, Save As, na ufungue kisanduku kamili cha kuhifadhi. Karibu na kitufe cha Save kuna neno Tools; libofye, chagua General Options, futa nukta zilizopo kwenye sehemu ya Password to modify, na uhifadhi kwa jina jipya. Ikikataa, kipande kinachohusika katika workbook.xml kinaitwa fileSharing, nacho kinafutwa kama vingine.

Faili lililosimbwa

Hapa mambo ni mazito, na ni vyema kusema wazi kwamba si kila faili litafunguka. Nywila ya kufungulia haikuhifadhiwa popote ndani ya faili ili mtu aje kuifuta. Ndiyo iliyotumika kutengeneza ufunguo wa kusimba data yote. Microsoft wenyewe wanasema hawawezi kukurudishia nywila hiyo. Isipokuwa taasisi ambazo idara yao ya teknolojia iliandaa mapema cheti cha dharura na zana iitwayo DocRecrypt kabla faili halijatengenezwa, jambo ambalo ofisi ndogo hazilifanyi, kilichobaki ni kutafuta nakala nyingine au kukisia nywila kwa utaratibu.

Anza na nakala, kwa sababu mara nyingi faili liliwahi kuwepo bila nywila. Kama lilihifadhiwa OneDrive, bofya kulia jina lake kwenye tovuti ya OneDrive, chagua Version history, na upakue toleo la kabla ya siku nywila ilipowekwa. Kwenye Windows bofya kulia folda iliyokuwa na faili, chagua Properties, na uangalie Previous Versions. Pitia barua pepe zilizotumwa zenye viambatisho. Kisha usisahau mahali ambapo mafaili mengi ya ofisi zetu hupita siku hizi, yaani WhatsApp: kwenye simu za Android fungua Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, halafu WhatsApp Documents, na ndani yake kuna folda ya Sent yenye nakala za ulivyotuma. Mwenyekiti aliyetumiwa taarifa ya robo mwaka anaweza kuwa na faili lilelile bila kufuli, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Angalia pia kama kuna faili jingine la Excel lililokuwa likivuta namba kutoka kwenye faili lililofungwa. Excel huhifadhi ndani ya faili hilo la pili thamani za mwisho ilizozivuta, kwenye folda ya xl/externalLinks, na unaweza kuzisoma kwa 7-Zip na Notepad. Si data yote, ni zile seli zilizorejelewa tu, lakini kama ni jumla za kila mwezi huenda ndizo unazozihitaji. Na kama kuna taarifa iliyowahi kuchapwa kuwa PDF, baadhi ya matoleo mapya ya Excel yanaweza kuirudisha kwenye jedwali kupitia menyu ya Data, Get Data, From File, From PDF.

Kukisia kwa akili kabla ya kukisia kwa mashine

Nywila unayoikumbuka ikikataliwa, usiamue mara moja kwamba umeikosea. Iandike kwanza kwenye Notepad uione kwa macho, kisha uikate na kuibandika kwenye kisanduku cha Excel, ukihakikisha hakuna nafasi tupu iliyojipenyeza mwishoni. Excel hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo jaribu pia nywila ileile kama ambavyo ingetoka Caps Lock ikiwa imewashwa: Hesabu huwa hESABU.

Halafu fikiria kibodi. Chukua nywila Hesabu@2020. Kwenye kompyuta iliyowekewa mpangilio wa Marekani, Shift na 2 hutoa @. Kwenye iliyowekewa mpangilio wa Uingereza, vitufe hivyohivyo hutoa alama ya nukuu. Mtu aliyezoea wa kwanza akiandika nywila kwenye kompyuta yenye wa pili, faili linafungwa kwa Hesabu"2020 bila yeye kujua, kwa kuwa anachoona ni nukta tu, Excel humtaka airudie, naye huirudia kwa vidole vilevile, na zote mbili zinalingana. Vivyo hivyo Shift na 3 hutoa # upande mmoja na £ upande mwingine. Kwa walio Burundi, Rwanda au Kongo, ambako kompyuta za mpangilio wa Kifaransa zimejaa, tofauti ni kubwa zaidi: A na Q hubadilishana nafasi, W na Z pia, M huhamia pembeni mwa L, na tarakimu za mstari wa juu zinahitaji Shift. Kinachoamua ni mpangilio uliowekwa kwenye Windows, wala si herufi zilizochorwa kwenye vitufe. Kwa hiyo uliza: faili lilifungwa kwenye kompyuta gani? Rudi kwenye kompyuta hiyohiyo ukiweza, au ongeza mpangilio wake kwenye kompyuta yako kupitia Settings, Time & language, Language & region.

Kama nywila iliwekwa kwa simu, kumbuka kwamba kibodi ya simu hupenda kuikuza herufi ya kwanza na kuongeza nafasi baada ya neno ililolipendekeza.

Mashine isaidie kumbukumbu

Yote hayo yakishindikana, kuna programu mbili huria za kujaribu nywila kwa wingi: John the Ripper, ambayo inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida, na hashcat, ambayo huonyesha nguvu zake pale penye kadi nzuri ya michoro. Programu za kulipia zinazotangazwa kwa mbwembwe zinategemea hisabati hiyohiyo. Unacholipia hasa ni dirisha zuri la kubofya.

Pakua toleo la John the Ripper linaloitwa jumbo kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji wake, pamoja na Python, programu inayoendesha hati za aina ya .py. Ndani ya folda ya run kuna hati iitwayo office2john.py. Weka nakala ya faili lako humo, fungua dirisha la amri (Command Prompt) katika folda hiyo na uandike:

python office2john.py mahesabu-jaribio.xlsx > hashi.txt

Hatua hii haivunji kitu. Inatoa tu muhtasari wa kihesabu utakaotumika kupima kila neno. Fungua hashi.txt na utazame baada ya neno $office$. Ukiona 2007, 2010 au 2013, hicho ndicho kizazi cha usimbaji, na 2013 humaanisha Excel ya 2013 na zote zilizofuata. Katika kizazi cha 2007 kila jaribio hupitia mizunguko 50,000 ya hesabu, na katika 2010 na 2013 mizunguko 100,000. Mizunguko hiyo iliwekwa kwa makusudi ili kumchelewesha anayekisia.

Uchelewesho huo uone kwa namba. Tuseme kompyuta mpakato yako inajaribu maneno 200 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa kompyuta isiyo na kadi kubwa ya michoro. Nywila ya tarakimu 6 ina uwezekano milioni 1, nayo inakwisha kwa muda usiofika saa moja na nusu. Namba ya simu inayoanza na 07 ina tarakimu 8 zisizojulikana, yaani uwezekano milioni 100, na hiyo ni kama siku 6. Lakini nywila ya herufi ndogo 8 ambazo hujui hata moja ina uwezekano bilioni 208, na kompyuta hiyo ingehitaji zaidi ya miaka 33. Hata ukipata mashine yenye kasi mara 100, bado ni takriban miezi minne, na ukichanganya herufi kubwa na tarakimu muda unaruka tena hadi mamia ya miaka. Kwa hiyo usiiache mashine ikisie ovyo. Iulize kuhusu yale ambayo mwenye nywila angeweza kuandika.

Keti na aliyeweka nywila, au na waliofanya naye kazi, mwandike orodha ya maneno kama 40: majina ya watoto, kijiji, jina la kikundi, timu ya mpira, neno alilozoea kutumia kwenye nywila nyingine. Yaandike kwa herufi ndogo kwenye safu ya A ya karatasi mpya ya Excel. Kwenye safu ya B weka viambishi 30 vya mwishoni: miaka, 123, @123, alama ya mshangao, tarakimu mbili za mwisho za mwaka, na seli moja iachwe tupu. Ifanye safu ya B kuwa ya maandishi kabla ya kuandika, la sivyo 07 itageuka kuwa 7. Kwenye seli ya C1 andika:

=INDEX($A$1:$A$40,INT((ROW()-1)/30)+1)&INDEX($B$1:$B$30,MOD(ROW()-1,30)+1)

Ivute hadi mstari wa 1,200. Kwenye D1 andika =PROPER(C1) na kwenye E1 =UPPER(C1), nazo uzivute hadi mwisho. Bandika safu hizo tatu kwenye Notepad, moja chini ya nyingine, uhifadhi kwa jina maneno.txt ndani ya folda ya run. Una maneno 3,600, na kwa kasi ileile ya 200 kwa sekunde yatapimwa kwa sekunde 18. Toa amri:

john --wordlist=maneno.txt hashi.txt

Nywila ikipatikana itaonekana kwenye dirisha, na unaweza kuiona tena kwa amri ya john --show hashi.txt. Isipopatikana, rudini kwenye orodha mkaongeze maneno, kwani mazungumzo mengine ya nusu saa na mwenye faili huzaa zaidi kuliko kuiacha kompyuta ikiunguruma usiku kucha.

Kwa nywila ambayo umbo lake linajulikana, kama ile ya namba ya simu, hashcat ni nyepesi zaidi kuelekeza. Futa jina la faili na nukta mbili mwanzoni mwa hashi.txt ili mstari uanze na $office$, unakili faili hilo kwenye folda ya hashcat, kisha utoe amri:

hashcat -m 9600 -a 3 hashi.txt 07?d?d?d?d?d?d?d?d

Kila ?d ni tarakimu moja isiyojulikana; ?l ni herufi ndogo na ?u ni kubwa. Namba 9600 ni ya kizazi cha 2013. Kwa 2010 weka 9500 na kwa 2007 weka 9400.

Mafaili ya zamani ya .xls

Excel ya 97 hadi 2003 kwa kawaida ilisimba kwa ufunguo wa biti 40 tu, ambao una uwezekano wa takriban trilioni 1.1. Kwa kompyuta za leo idadi hiyo inamalizika, kwa hiyo programu zinaweza kutafuta ufunguo wenyewe bila kujali nywila ilikuwa ndefu kiasi gani. Hapa ndipo pekee ambapo ahadi ya kufungua faili lolote ina ukweli ndani yake. Kama .xls yako haikusimbwa bali ina karatasi zilizolindwa, ihifadhi upya kama .xlsx na urudi kwenye njia ya 7-Zip.

Kuhusu tovuti zinazojitolea kukufungulia

Kupakia faili kwenye tovuti ya mtu usiyemjua ni kumkabidhi yaliyomo. Kama ni orodha ya mishahara, ya wagonjwa au ya wanachama wenye namba zao za vitambulisho, huna mamlaka ya kuyatoa kirahisi hivyo: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Yeyote anayekuhakikishia matokeo kwa asilimia 100 kwenye faili la kizazi cha 2013 bila kukuuliza unakumbuka nini kuhusu nywila hiyo, mwache aende zake.

Baada ya kufunguka

Nenda File, Info, Protect Workbook, Encrypt with Password, futa nukta zilizomo, bofya OK na uhifadhi. Linganisha jumla kuu na taarifa yoyote iliyochapwa, ukihakikisha hakuna karatasi iliyopotea njiani. Futa hashi.txt, maneno.txt na nakala za majaribio, kwa sababu maneno.txt ni ramani ya nywila zote za mwenye faili, ikiwemo pengine ya barua pepe yake. Kisha, kama faili linahitaji kufungwa tena, weka nywila mpya mbele ya watu wawili, uiandike kwenye programu ya kutunza nywila au kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kabati la fedha, na ujaribu kulifungua faili kwa kusoma kilichoandikwa humo kabla bahasha haijabandikwa gundi.